Kianzio cha chachu kinapogoma: soma dalili kabla ya kununua kifaa kingine

Kianzio cha chachu ya bia kikigoma, lawama ya kwanza huiangukia chachu. Pakiti ilikuwa ya zamani, ilikaa juani safarini, ilikuwa dhaifu tangu ilipotoka kiwandani. Mara nyingine ni kweli. Lakini ukikagua kwa utulivu, mara nyingi utakuta chachu haina kosa lolote: chombo ni kidogo, kitako chake kimebinuka, kijiti cha sumaku hakilingani na sumaku zilizo chini yake, au kipimajoto kinasema uongo. Makosa haya huanzia siku ya kununua, pale kila kifaa kinapochaguliwa kivyake kana kwamba hakitakutana na vingine.

Kwa hiyo nashikilia jambo moja katika mwongozo huu wote: chombo, kijiti cha sumaku kinachozunguka ndani yake, na kikorogeo, yaani kisanduku cha chini chenye sumaku zinazozungushwa na feni au mota ili zikivute kijiti, ni kifaa kimoja chenye vipande vitatu. Anza na chombo, ukikipima kwa bia unayopika, kisha vingine vifuate chombo. Anayeanza na kikorogeo kizuri halafu akatafuta chupa ya kukiweka juu yake, huyo ndiye anayerudi dukani mara ya pili na ya tatu.

Kwa anayelisikia jambo hili mara ya kwanza: kianzio ni maji ya kimea machache, mepesi, ambamo chachu inalishwa na kuzaana siku moja au mbili kabla ya kumiminwa kwenye bia yenyewe. Kazi yake ni kuongeza seli. Ladha yake haituhusu.

Kianzio kilichachuka vizuri, lakini bia inachelewa kuanza

Kilitoa povu, kikatulia, ukakimimina kwenye pipa. Siku nzima imepita, ya pili inaingia, na pipa liko kimya. Hapa usiulize kama chachu ilikuwa hai. Uliza zilikuwa seli ngapi.

Kanuni inayofuatwa na wapikaji wengi ni seli milioni 0.75 kwa kila mililita kwa kila digrii ya Plato (kipimo cha sukari iliyo kwenye maji ya kimea) kwa bia za eili, zinazochachuka kwenye joto la wastani, na milioni 1.5 kwa laga, zinazochachuka kwenye baridi. Chukua mpiko wa lita 20 ambao haidromita, kifaa kinachoelea na kupima uzito wa maji ya kimea ukilinganishwa na maji matupu, inasoma 1.048, yaani karibu digrii 12 za Plato. Zidisha, utapata seli bilioni 180 kwa eili na bilioni 360 kwa laga. Pakiti nyingi za chachu ya maji hutoka kiwandani na seli kama bilioni 100, nyingine 200, na zilizo hai hupungua kila wiki inayopita hata pakiti ikiwa kwenye friji.

Sasa itazame chupa yako. Ya lita 1, ukiacha nafasi ya povu, itabeba nusu lita ya kianzio au zaidi kidogo. Pakiti yenye seli bilioni 100 ikitiwa kwenye nusu lita, idadi yake huongezeka kwa kiasi kidogo sana. Walaji ni wengi, chakula ni kidogo. Sukari inaisha kabla seli hazijapata nafasi ya kuzaana. Utaona povu, utaona mashapo meupe chini, na utaamini kazi imefanyika. Pakiti hiyohiyo kwenye lita 2 hukaribia kufika maradufu hata bila kukorogwa, na ikikorogwa huvuka hapo.

Chupa ya lita 1, basi, inamfaa mtu anayepika mipiko midogo au anayeamsha mashapo ya chachu aliyohifadhi. Kwa lita 20 za eili tafuta ya lita 2 kama kiwango cha chini. Kwa laga, au kwa bia nzito zinazopita 1.065, tafuta ya lita 5. Na kama utanunua moja tu maishani, nunua ya lita 5: kubwa inaweza kubeba kianzio kidogo, ndogo haiwezi kubeba kikubwa. Hakikisha tu kikorogeo chako kina nguvu ya kuzungusha lita 4, jambo tutakalolifikia hapo chini.

Sababu ya pili ya dalili hii ni ya kusikitisha kwa sababu tiba yake ni kifaa ambacho wengi tayari wanacho: mizani. Watu hupima dondoo kavu ya kimea, ule unga unaoyeyuka majini, kwa vikombe. Unga huo hunyonya unyevunyevu, unagandamana, na kikombe cha leo hakiwi na uzito wa kikombe cha mwezi jana. Tumia gramu 100 kwa kila lita moja ya kianzio. Haidromita itasoma kati ya 1.036 na 1.040, na hapo ndipo chachu inapozaana bila kuchoshwa. Ukizidisha hadi 1.060, unailazimisha kuhangaika na sukari na kileo wakati unataka iongezeke. Mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja inatosha kabisa.

Na kama unatumia chachu kavu, huenda hukuhitaji kianzio tangu mwanzo. Pakiti ya kawaida ya gramu 11.5 ina seli nyingi zilizokaushwa zikiwa na akiba yao ya kuanzia maisha. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu kama lebo inavyoelekeza, au inyunyize moja kwa moja kama lebo inaruhusu. Anayetumia chachu kavu tu hana haja na vingi vya vifaa ninavyovieleza hapa, na ni heri alijue hilo mapema.

Povu limefurika usiku

Asubuhi unakuta kikorogeo kimelowa, foili imesukumwa pembeni, na uji wa rangi ya maziwa umeganda mezani. Kilichomwagika kilikuwa na seli ulizokuwa unazizalisha.

Ujazo ulioandikwa kwenye chupa haumaanishi ujazo unaopaswa kutiwa. Kwenye chupa ya lita 2 tia lita 1.3 hadi 1.5. Kwenye ya lita 5 tia hadi 4, na kama aina ya chachu ni ya ngano au nyingine inayojulikana kwa povu jingi, punguza zaidi. Tone au mawili ya dawa ya kuzuia povu yenye simethikoni husaidia sana. Dawa hiyo hushikamana na povu na mashapo, na sehemu kubwa hubaki nyuma bia inapotulia, kwa hiyo usihofu kwamba utaua povu la bia yako kwenye glasi.

Ikiwa kufurika kunatokea jikoni wakati wa kuchemsha, hilo ni suala jingine, na kosa ni kuchemshia ndani ya chupa yenyewe. Emil Erlenmeyer, mkemia Mjerumani, alibuni chupa yake ya umbo la koni mwaka 1860 ili mtu aweze kuizungusha mkononi bila kumwaga kilichomo. Shingo nyembamba inayozuia kumwagika ndiyo hiyo hiyo inayokusanya povu la maji ya kimea na kulirusha juu ghafla likiwa la moto. Chemsha kwenye sufuria kwa dakika 10 hadi 15, ipoze sufuria kwenye sinki lenye maji na barafu, kisha mimina kwa faneli iliyotakaswa. Ni chombo kimoja zaidi cha kuosha, lakini mikono yako itabaki salama.

Kijiti cha sumaku kinaruka pembeni

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na ndilo linalofanya watu watupe vikorogeo vizima. Unawasha, kijiti kinazunguka sekunde tatu, kisha unasikia mlio wa ka-ka-ka kikigonga ukuta wa chupa, na maji yanatulia. Unaweza kukuta kimelala pembeni asubuhi, huku feni ikizunguka bure chini yake usiku kucha.

Kabla ya kununua chochote, fanya jaribio hili ukiwa na maji matupu, si chachu. Weka kijiti juu ya kikorogeo bila chupa, kikiwa juu ya kipande kimoja cha kadibodi nyembamba. Washa polepole. Kijiti kikifuata vizuri, ongeza kipande cha pili cha kadibodi, cha tatu, cha nne, mpaka kishindwe kufuata. Pima kwa rula unene wa rundo hilo, ukijumlisha umbali kutoka juu ya sumaku hadi juu ya kifuniko cha kikorogeo. Huo ndio umbali wa mwisho ambao sumaku zako zinaweza kushika. Sasa pima umbali halisi: kutoka juu ya sumaku hadi juu ya kifuniko cha kikorogeo, ukijumlisha unene wa kitako cha chupa. Kama umbali halisi unakaribia ule wa mwisho, umepata jibu. Nguvu ya sumaku hushuka haraka mno umbali unapoongezeka. Milimita mbili au tatu zinaweza kutenganisha kikorogeo kinachokesha na kinachoangusha kijiti kila saa. Kwa kikorogeo cha kujiundia kutokana na feni ya kompyuta, punguza skrubu au vibao vinavyoinua kifuniko, ukiacha nafasi ndogo tu ili sumaku zisikwaruze. Kwa cha kununua, huwezi kushusha kifuniko, kwa hiyo badili kijiti au chupa.

Kijiti chenyewe kinahitaji urefu unaolingana na sumaku zilizo chini. Ncha zake mbili zinapaswa kukaa juu ya ncha mbili za sumaku. Kikiwa kifupi mno kinavutwa upande mmoja, kikiwa kirefu mno ncha zake zinaelea nje ya mshiko. Vijiti vya milimita 25 huenda vizuri na chupa za lita 1, vya 38 hadi 40 na za lita 2, na vya 50 na za lita 5, ila kipimo cha sumaku zako ndicho kiamuzi cha mwisho. Kwenye feni ya kujiundia, sumaku mbili zikae pande mbili za kitovu, moja ikitazama juu kwa ncha ya kaskazini na nyingine kwa ya kusini. Zikitazama juu kwa ncha ya aina moja, kijiti hakitajua kilale vipi.

Halafu kuna kitako. Chupa nyingi za kawaida, zikiwemo za mvinyo na mitungi mingi ya glasi, zina kibumba kilichoinuka katikati ya kitako. Kibumba hicho huzipa nguvu, lakini kijiti kikiwa juu yake huteleza kama mtu aliyesimama juu ya paa la mteremko. Geuza chupa, weka rula kwenye kitako kwa nje, kisha angalia kwa ndani kwa tochi. Kama katikati pameinuka, hakuna kasi wala kijiti kitakachokuokoa kwa uhakika. Chupa za maabara zenye kitako bapa ndizo zinazofaa hapa, na hii ndiyo sababu nasema chombo kichaguliwe kwanza. Kijiti chenye pete katikati huvumilia kitako kisicho bapa sana na hupunguza kelele, lakini nacho kina mpaka wake.

Kasi nayo inaponza wengi. Kuna imani kwamba shimo la mzunguko katikati ya maji lazima lifike mpaka chini. Si lazima. Kibonyeo kidogo kinachoonekana juu ya maji kinatosha: seli zinabaki zikielea, hewa ya ukaa inatoka, oksijeni inaingia. Anza na kasi ya chini kabisa, subiri maji yote yaanze kuzunguka pamoja na kijiti, ndipo uongeze kidogo kidogo. Ukianza kwa kasi kubwa maji bado yamesimama, yanakipinga kijiti, na kijiti kinaachia.

Mwisho, kuna kijiti kilichopoteza nguvu. Vijiti vya kawaida vya maabara vimetengenezwa kwa aloi ya aluminiamu, nikeli na kobalti iliyofunikwa kwa tefloni, na vinastahimili kuchemshwa. Sumaku za neodimiamu, ambazo watu hutumia kujiundia vifaa, huanza kupoteza nguvu zikipashwa kupita nyuzi 80 hivi. Kama ulijitengenezea kijiti kwa neodimiamu na ukakichemsha pamoja na maji ya kimea, huenda umekiua mwenyewe. Kingine cha kuangalia ni tefloni iliyokwaruzika mpaka chuma kikaonekana. Kijiti hicho kimefika mwisho. Kitashika kutu na kuficha vijidudu.

Kikorogeo hakianzi, au kinanguruma

Feni ya volti 12 ikilishwa na adapta ya simu ya volti 5 inaweza kuzunguka ikiwa tupu, ila ikilazimika kubeba sumaku na kuvuta kijiti, inasimama. Tumia adapta ya volti 12 yenye ampea zinazozidi zile zilizoandikwa mgongoni mwa feni. Kumbuka pia kwamba feni inahitaji umeme mwingi zaidi kuanza kuliko kuendelea. Ikigoma kwenye kasi ya chini, ipandishe mpaka ishike, kisha irudishe.

Mngurumo na mtikisiko karibu daima ni sumaku zilizogundishwa nje ya katikati. Zibandue, pima upya kutoka kitovuni, gundisha tena. Ikiwa kikorogeo kinapata joto, hakikisha tundu za hewa hazijazibwa na meza.

Chupa imepasuka

Glasi ya kawaida, ile ya mitungi ya jemu, hutanuka kwa joto karibu mara tatu ya glasi ya borosiliketi, ile ya vyombo vya maabara. Upande mmoja ukipata moto na mwingine ukabaki baridi, glasi inavutana yenyewe mpaka inaachia. Mitungi hiyo inafaa kuhifadhia chachu kwenye friji. Kuitoa kwenye maji yanayochemka na kuitia kwenye barafu ni kutafuta ajali.

Borosiliketi inavumilia zaidi, lakini uvumilivu huo una masharti. Mkwaruzo mdogo ndani ya kitako, kwa mfano ule unaoachwa na brashi ya waya, hugeuka kuwa mahali ambapo ufa utaanzia. Koili ya jiko la umeme inayogusa glasi moja kwa moja huipasha sehemu moja na kuiacha nyingine. Kwa hiyo pamoja na kuangalia kama chupa imeandikwa borosiliketi, ishike juu ya mwanga na uikague kabla ya kila matumizi. Yenye mkwaruzo wa wazi iondoe kazini.

Plastiki haipasuki, ila ina matatizo yake. Chupa za soda za plastiki ya PET hulainika na kujikunja maji ya moto yakitiwa, kwa hiyo maji ya kimea yapozwe kabisa kwanza. Polipropilini huvumilia joto la kuchemka bila shida. Zote mbili zikikwaruzwa, mikwaruzo huwa makazi ya bakteria ambayo dawa haifikii, hivyo zioshwe kwa kitambaa laini tu.

Hakuna povu, hakuna kinachoonekana

Juu ya kikorogeo, povu linaweza lisionekane kabisa, kwa sababu hewa ya ukaa inatolewa mfululizo badala ya kujikusanya. Kianzio kinaweza kuanza na kumaliza ukiwa umelala. Usihukumu kwa povu. Maji yaliyokuwa maangavu yakiwa na rangi ya maziwa au ya krimu, kuna ukuaji. Kwa uhakika zaidi chota kidogo, tikisa hewa yote itoke, na upime kwa haidromita: ikishuka kutoka 1.037 hadi karibu 1.010, kazi imekwisha. Rifraktomita, kifaa kinachokadiria sukari kwa jinsi mwanga unavyopinda, haifai kwa kipimo hiki bila hesabu ya kusahihisha, kwa sababu kileo hupotosha usomaji wake.

Kipimo kikiwa hakijashuka baada ya saa 36, kishuku kipimajoto. Tia vipande vingi vya barafu kwenye kikombe chenye maji kidogo, koroga, subiri dakika chache; kinapaswa kusoma nyuzi 0. Kikisoma 5, basi ulipodhani maji ya kimea yamepoa mpaka 25, yalikuwa 20, na hilo si baya. Kikikosea upande wa pili ndipo msiba unapotokea: maji yaliyopita nyuzi 40 huua chachu au kuidhoofisha vibaya. Vibandiko vya joto vinavyobandikwa nje ya chupa husoma joto la glasi, na mara tu baada ya kupoza, glasi inaweza kuwa baridi huku katikati bado kuna moto. Kipimajoto cha kuchomeka, kilichotakaswa, ndicho cha kuaminiwa.

Kianzio kikae kati ya nyuzi 20 na 25. Hata chachu ya laga huzaliana vizuri hapo. Baridi yake inaisubiri kwenye pipa. Kumbuka pia kuwa mota ya kikorogeo hupasha kitako cha chupa, na katika chumba chenye joto kali nyongeza hiyo inaweza kukivusha kianzio nyuzi 30.

Kama joto ni sahihi na kipimo hakisogei hata baada ya siku mbili, hapo ndipo kuilaumu chachu kunapokuwa halali.

Kinanuka vibaya, au kina utando juu

Tofautisha kwanza. Kianzio kilichokorogwa siku mbili kimeingiza hewa nyingi na kitanuka kama tufaha lililoachwa wazi. Hiyo ni kawaida. Chachu za laga hutoa harufu ya kiberiti, nayo ni kawaida. Siki kali, harufu ya jibini bovu, au utando mkavu wenye mikunjo juu ya maji si kawaida. Kimwage, wala usijaribu kukiokoa, kwa sababu ulichonacho sasa ni kianzio cha bakteria.

Chanzo kinachosahaulika zaidi ni kifuniko. Wengine huziba chupa kwa kizibo chenye maji kama kile cha pipa, wakidhani wanaongeza usalama. Kinachotokea ni kwamba wanaizuia oksijeni ambayo chachu inaihitaji kujenga utando wa seli mpya, na chupa ikipoa ndani ya friji, maji ya kizibo yanaweza kuvutwa ndani. Foili ya aluminiamu iliyotakaswa, ikishuka sentimita tano hivi kandokando ya shingo bila kubanwa, ndiyo bora: hewa inapita, vumbi linaloanguka haliwezi kupanda kuingia. Nzi wadogo wa matunda wanaweza, nao hubeba bakteria wa siki, kwa hiyo mahali wanapojaa tumia kizibo cha sifongo kilichotengenezwa kwa kazi hii.

Kuhusu dawa za kutakasa vyombo, zile za asidi ya fosfori zisizohitaji kusuuzwa hufanya kazi mradi pH yake (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi inazidi) ibaki chini ya 3. Zile za iodini hufanya kazi mradi rangi yake ya kahawia haijapotea. Klorini ya kufulia inaua vijidudu vizuri, ila mabaki yake huumiza chachu, hivyo suuza kwa maji yaliyochemshwa. Usichanganye kamwe klorini na dawa yoyote ya asidi: mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo ni sumu. Na hakuna dawa inayotakasa uchafu. Pete ya povu kavu shingoni ioshwe kwanza mpaka itoke.

Maji ya kimea yaliyohifadhiwa yameharibika

Wengine huchemsha maji ya kimea mengi mara moja na kuyaweka kwenye mitungi ili wasichemshe kila wakati. Wazo ni zuri, lakini kifaa cha kazi hii ni kimoja tu: sufuria ya presha inayofika takribani paundi 15 kwa inchi ya mraba, yaani nyuzi 121, kwa dakika 15 au zaidi kulingana na ukubwa wa mtungi. Kuchemsha kwa kawaida huua chachu na bakteria wengi, ila hakuui mbegu za *Clostridium botulinum*. Maji ya kimea yana pH ya juu kidogo ya 5, na bakteria huyu hustawi panapozidi 4.6 pasipo na hewa, kama ndani ya mtungi uliofungwa. Sumu yake inaweza kuua, na huenda usiione wala kuinusa. Kama huna sufuria ya presha, chemsha siku ileile ya kutumia.

Huna kikorogeo, na kila anayekushauri anasema huwezi bila hicho

Unaweza. Chukua jagi au mtungi wenye ujazo mara nne ya kianzio, yaani lita 4 kwa lita 1. Tia maji ya kimea yaliyopoa, funga, tikisa kwa nguvu dakika nzima mpaka yawe povu tupu, tia chachu, legeza kifuniko, na uache. Ukitikisa tena kila unapopita, vizuri zaidi. Nafasi kubwa ya hewa ndiyo inayofanya kazi ya kikorogeo. Kwa anayeanza ningemwambia anunue mizani, kipimajoto cha kweli na mtungi mkubwa kwanza. Kikorogeo kinaweza kusubiri mpaka aanze kupika laga au kuzalisha chachu kwa hatua mbili.

Kijiti kimeingia kwenye pipa

Kikiwa kilitakaswa, hakina madhara. Kiache mpaka bia ikamilike ukitoe wakati wa kuosha. Ili kisirudie, kiweke kianzio kwenye friji usiku mmoja au miwili mpaka chachu ikae chini, mwaga maji ya juu huku ukishikilia sumaku yenye nguvu nje ya kitako, acha maji kidogo ya kuchanganyia, zungusha kwa mkono mpaka mashapo yaachie, kisha mimina ukiwa bado umeshikilia sumaku. Kwa chupa ya lita 5 iliyojaa, mwite mtu akushikie. Shingo yake huteleza ikilowa, na mkono mmoja hauitoshi.